Kuumeni na Kukeni: Nasaba na Haki ya Utawala ya Mfalme Aragorn katika The Lord of the Rings

Ikisiri

Makala hii inachunguza nasaba na maisha ya Mfalme Aragorn katika riwaya ya The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien. Uchunguzi unaongozwa na jozi ya dhana ambayo Kiswahili kinayo tayari, yaani kuumeni na kukeni. Aghalabu Aragorn husomwa kama mrithi halali anayerudi kuchukua kiti cha baba zake. Makala inabainisha kuwa usomaji huo hauafikiani na ushahidi uliomo katika Kiambatisho A cha riwaya, ambamo dai la mlango wake lilikwisha kukataliwa na baraza halali, na ambamo uzi unaomuunganisha na wafalme wa kale hupita mara kwa mara kwa wanawake waliorukwa na sheria. Inahitimishwa kuwa katika riwaya hii nasaba huleta dai tu, ilhali utawala huhitaji pia tendo na ridhaa. Na kwamba matini yenyewe, baada ya kufichua mchango wa kukeni, inaufunika tena mwishoni.

1. Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili si ngeni kwa falme zisizokuwamo katika ramani. Shaaban Robert aliwapa wasomaji Kusadikika mwaka 1951, na katika Kufikirika, iliyochapishwa baada ya kufa kwake, alimweka mbele yao mfalme mwenye kila kitu isipokuwa mtoto wa kumrithi. Katika kazi zote mbili nchi ya kubuni ni njia ya kuuliza swali la kweli: ni kitu gani kinachompa mtu haki ya kuwatawala wenzake? Swali hilo ndilo pia linaloibeba riwaya ya Tolkien, mwanaisimu aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892 na kufundisha Oxford kwa miaka mingi. The Lord of the Rings ilitoka katika juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955, na juzuu ya mwisho inaitwa The Return of the King, jina linalotangaza kurejea kwa mfalme kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza.

Jina hilo limechangia usomaji uliozoeleka. Kwa usomaji huo, kiti cha enzi cha Gondor kilikuwa kitupu, mwenyewe alikuwa mafichoni, siku ikafika akatokea, na watu wakamtambua kwa damu yake. Wahakiki wasioipenda riwaya wameitumia picha hiyo kumshutumu mwandishi kuwa anatukuza utawala wa kuzaliwa; wanaoipenda wameitumia kumsifu kuwa anarejesha heshima ya mambo ya kale. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja, kwamba haki ya Aragorn iko wazi. Hapo ndipo panapohitaji kuchunguzwa upya. Haki ya Aragorn haikuwa wazi hata kidogo. Miaka 1075 kabla ya kutawazwa kwake, dai hilohilo la mlango wake liliwasilishwa mbele ya baraza la Gondor, likasikilizwa, likatupwa.

Habari hiyo haimo katika masimulizi makuu. Imo katika Kiambatisho A, mwishoni mwa juzuu ya tatu, na sehemu yake muhimu kuliko zote imewekwa katika tanbihi. Msomaji anayefunga kitabu baada ya sura ya mwisho haioni, na mtazamaji wa filamu tatu za Peter Jackson (2001–2003) hana njia ya kuijua. Makala hii inakirudia kiambatisho hicho na kukisoma kama sehemu ya hoja ya riwaya.

2. Kuumeni, kukeni na utanzu wa tarehe

Kiswahili hutofautisha ndugu wa kuumeni, walio upande wa baba, na ndugu wa kukeni, walio upande wa mama. Hutofautisha pia mlango, ambao ni tawi la ukoo, na tumbo, ambalo huwataja watu kwa mama aliyewazaa. Msamiati huu una faida ya kihakiki. Unamlazimisha mtumiaji, kila anapotaja urithi, aseme urithi huo umepita upande gani. Neno pana kama nasaba linaweza kulificha swali hilo. Kuumeni na kukeni haviwezi.

Kiambatisho A ni utanzu ambao msomaji wa pwani angeutambua upesi. Ni tarehe: orodha ya wafalme, miaka ya kufa kwao, vita, ndoa na mafarakano, ikiandikwa kwa sauti ya mtunza kumbukumbu. Katika Tarehe ya Pate, asili ya utawala wa Wanabahani inaelezwa kuwa ni ndoa: Suleiman, mgeni kutoka Uarabuni, alimwoa binti wa mtawala wa Pate, na kwa ndoa hiyo ufalme ukamfikia. Baada ya tukio hilo orodha inaendelea kuwahesabu masultani kwa majina ya baba zao. Binti aliyekuwa mlango wa kuingilia anabaki nyuma. Kwa hiyo tarehe ni utanzu unaoweza kuwa na mwanzo wa kukeni na mwendelezo wa kuumeni bila kuona haja ya kueleza mgongano huo.

Eneo la Maziwa Makuu linatoa kielelezo cha namna nyingine. Ubucurabwenge, masimulizi ya nasaba ya wafalme wa Rwanda, humtaja kila mfalme pamoja na mama yake na asili ya mama huyo. Katika Buganda, ambako watu hufuata ukoo wa baba, watoto wa Kabaka hufuata ukoo wa mama zao. Hayatajwi haya ili kudai kuwa Tolkien aliyajua au aliyategemea. Yanatajwa kwa sababu msomaji aliyezoea orodha inayomtaja mama katika kila kizazi ana jicho la kuona asipotajwa. Akiifikia orodha ya wakuu kumi na sita wa kaskazini waliotangulia na kukamilika kwa Aragorn, atauliza mara moja: mama zao ni akina nani? Orodha haimjibu. Mkeni anayetajwa mwanzoni ni Fíriel, mke wa mfalme wa mwisho wa kaskazini, na anayetajwa mwishoni ni Gilraen, mama wa Aragorn. Baina yao kuna karne kumi za baba na mwana. Wanawake hao wawili waliosalia katika kumbukumbu ndio wanaofungua mjadala unaofuata.

3. Baraza la mwaka 1944

Ili hoja ieleweke, yafaa mfuatano wa mambo uwekwe kwa ufupi. Kisiwa cha Númenor kilipozama, Elendil alinusurika pamoja na wanawe Isildur na Anárion, wakaanzisha falme mbili katika Dunia ya Kati: Arnor kaskazini na Gondor kusini. Elendil alikufa katika vita dhidi ya Sauron, na upanga wake Narsil ukavunjika chini yake. Isildur, aliyekuwa mwana mkubwa, alimwachia Meneldil, mwana wa marehemu Anárion, madaraka ya Gondor, akaelekea kaskazini kuchukua kiti cha baba yake. Aliuawa njiani pamoja na wanawe watatu. Mwana mdogo, Valandil, ndiye aliyeuendeleza mlango wake. Tangu hapo wafalme wa kaskazini walitoka kwa Isildur na wa kusini kwa Anárion.

Mwaka 1944 wa Enzi ya Tatu, Mfalme Ondoher wa Gondor aliuawa vitani pamoja na wanawe wawili. Aliyebaki katika watoto wake ni binti, Fíriel, ambaye miaka minne kabla yake alikuwa ameolewa na Arvedui, mrithi wa ufalme wa kaskazini. Arvedui akadai taji ya Gondor kwa misingi miwili: kwanza, yeye ni wa uzao wa Isildur, pili, mkewe ndiye mtoto pekee wa Ondoher aliye hai. Msingi wa kwanza ni wa kuumeni, wa pili ni wa kukeni.

Baraza la Gondor, ambalo sauti yake kuu ilikuwa Pelendur, Kaimu wa mfalme, lilijibu kuwa taji ni ya warithi wa Meneldil peke yao, na kwamba Gondor huhesabu urithi kwa wana wa kiume tu. Jibu la Arvedui ni mojawapo ya hoja za kisheria zilizojengwa kwa uangalifu mkubwa kabisa katika riwaya nzima. Anasema kwamba Isildur aliukabidhi utawala wa kusini bila kuuacha ufalme wake. Kisha anakumbusha kuwa katika Númenor ya kale fimbo ya enzi ilimwendea mtoto mkubwa, awe mwanamume au mwanamke. Anakiri kuwa sheria hiyo haikufuatwa katika nchi za uhamishoni, ambazo daima zilisumbuliwa na vita. Lakini anashikilia kuwa sheria ni sheria, na kwamba sasa, wana wa Ondoher wakiwa wamekufa bila watoto, ndiyo inayopasa kurejewa.

Gondor haikujibu. Kimya hicho kina uzito. Hoja haikushindwa kwa hoja. Ilishindwa kwa mazingira. Eärnil, jemadari wa ukoo wa kifalme aliyekuwa ametoka kushinda vita, alitawazwa mwaka uliofuata, na watu waliridhika kwa sababu walimjua na alikuwa amewaokoa. Kwa maneno mengine, Gondor ilichagua tendo badala ya nasaba, kisha ikaivika chaguo hilo vazi la sheria ya kuumeni. Uchaguzi wenyewe haukuwa wa kipumbavu, na mwandishi hamchori Eärnil kama mnyang'anyi. Anamwonesha kuwa mfalme mwenye busara. Lakini matokeo yake yalikuwa mafupi. Mwanawe Eärnur aliitika mwito wa Mfalme Mchawi wa kupigana naye peke yao, akapanda farasi mwaka 2050, asirudi. Hakuwa na mtoto. Tangu mwaka huo Gondor iliongozwa na Makaimu, walioapa kushika madaraka mpaka mfalme arejee, huku kadiri miaka ilivyopita wachache tu wakiamini kuwa atarejea.

Hii haikuwa mara ya kwanza Gondor kumkataa mtu kwa sababu ya upande wa mama. Karne tano kabla ya hapo, Eldacar, ambaye mama yake Vidumavi alitoka kwa Watu wa Kaskazini, alipinduliwa na ndugu zake waliodai kuwa damu ya mama ingefupisha maisha ya wafalme. Vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe viliharibu mji mkuu wa Osgiliath. Eldacar aliishi uhamishoni miaka kumi, akarudi, akatawala tena, na akafa akiwa na umri wa miaka 235. Hofu iliyomwaga damu nyingi ilikanushwa na umri wa mtu mmoja. Mtunza tarehe analitaja jambo hilo bila kuinua sauti, lakini mpangilio wake unasema wazi: kila mara Gondor ilipoukana upande wa kukeni, gharama ililipwa na nchi.

4. Silmariën na fimbo iliyosalia

Katika mjadala wa Arvedui na Pelendur, tanbihi ya Kiambatisho A inaongeza jambo ambalo hakuna kati yao aliyelisema. Sheria ya mtoto mkubwa ilitungwa Númenor katika siku za Tar-Aldarion, mfalme wa sita, ambaye mtoto wake pekee alikuwa binti, Ancalimë. Kabla ya hapo mambo yalikuwa tofauti. Tar-Elendil, mfalme wa nne, alirithiwa na mwanawe Meneldur, ingawa binti yake Silmariën ndiye aliyekuwa mkubwa. Na ni kutokana na Silmariën huyo aliyerukwa ndipo alipotoka Elendil, baba wa Isildur na Anárion.

Uzito wa tanbihi hii ni vigumu kuutia chumvi. Pelendur alisema kuwa urithi huhesabiwa kwa wana wa kiume tu. Endapo kanuni yake ingefuatwa mpaka kwenye chanzo, si Arvedui peke yake angekosa haki. Meneldil angeikosa, Anárion angeikosa, na Elendil mwenyewe asingekuwa na uhusiano wowote wa kifalme na Elros, mfalme wa kwanza wa Númenor. Nyumba nzima ya Gondor, iliyomkataa Fíriel kwa kuwa ni mwanamke, ilisimama juu ya mabega ya mwanamke. Hapa inafutika pia hoja ya yule atakayesema kuwa Aragorn ametosheka na uzao wa Isildur wa kuumeni na hana haja ya Fíriel. Ukiufuata uzao huo wa kuumeni kwenda juu unamfikia Elendil, na kutoka kwa Elendil njia ya kufika kwenye kiti cha enzi ni moja, nayo inapita kwa Silmariën.

Ukipanda juu zaidi hali ni ileile. Elros alikuwa mwana wa Eärendil na Elwing. Eärendil aliupata ukoo wa wafalme wa Gondolin kwa mama yake, Idril. Elwing alikuwa mjukuu wa Lúthien, binti wa mfalme wa Waelfi aliyeolewa na Beren, mwanadamu. Kila nasaba hii inapovuka mpaka mkubwa, iwe kati ya Waelfi na wanadamu au kati ya mlango mmoja na mwingine, daraja ni mwanamke.

Vitu vya kifalme vinathibitisha jambo hilo kwa lugha ya mikono. Tanbihi nyingine inaeleza kuwa fimbo ya enzi ya Númenor ilipotea pamoja na Ar-Pharazôn, mfalme wa mwisho, yule aliyemwoa Míriel kwa nguvu na kumnyang'anya fimbo iliyokuwa haki yake. Fimbo ya Arnor, ambayo Elrond alimkabidhi Aragorn, haikuwa ile. Ilikuwa fimbo ya fedha ya mabwana wa Andúnië, yaani nyumba ya uzao wa Silmariën, nayo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu tano. Taji ya Gondor, kwa upande wake, ilikuwa na umbo la kofia ya chuma ya vitani. Kofia ni alama ya ushindi. Fimbo ni alama ya nyumba. Fimbo aliyopokwa mwanamke ilizama baharini. Iliyosalia ni ya nyumba ya mwanamke aliyerukwa. Katika riwaya ambayo vitu vina kumbukumbu kuliko watu, tofauti hiyo haikuwekwa kwa bahati.

5. Maisha ya mfalme asiyetangazwa

Aragorn alizaliwa tarehe 1 Machi mwaka 2931. Alipokuwa na umri wa miaka miwili baba yake, Arathorn, aliuawa kwa mshale, na Gilraen akampeleka Rivendell, nyumbani kwa Elrond. Huko aliitwa Estel, jina lenye maana ya tumaini, na asili yake ikafichwa ili maadui wasimjue. Kwa hiyo katika miaka ishirini ya mwanzo, mfalme wa baadaye hana nasaba. Ana mama tu. Alipofika umri huo, Elrond alimweleza jina lake la kweli, akampa pete ya Barahir na vipande vya upanga uliovunjika. Fimbo ya enzi hakumpa. Alimwambia kuwa bado hajaistahili. Kitendo hiki kinaeleza falsafa ya riwaya kwa ufupi usio na kifani. Pete na upanga ni vya nasaba, na kwa hivyo mrithi huvipata kwa kuzaliwa. Fimbo ni ya utawala, na hiyo haitolewi kwa kuzaliwa.

Kinachofuata ni zaidi ya miaka sitini ya utumishi usio na cheo. Kwa jina la Thorongil alimtumikia Thengel, mfalme wa Rohan, kisha Ecthelion wa Pili, Kaimu wa Gondor. Alipigana kwa ajili ya mji ambao, kwa hesabu ya Arvedui, ulikuwa wake, akapata sifa kubwa, na saa ya sifa hizo ilipofika kilele akaondoka bila kudai chochote. Katika filamu Aragorn anaoneshwa kama mtu anayeukimbia urithi wake na kuhitaji kushawishiwa. Mabadiliko hayo yana mantiki yake ya kiuigizaji, lakini yanabadilisha swali. Aragorn wa kitabuni hana shaka juu ya asili yake. Hubeba upanga uliovunjika na hujitaja mbele ya Baraza la Elrond. Anachokijua, na ambacho mtazamaji wa filamu hakijui, ni kwamba asili hiyo ilikwisha kupelekwa Gondor na kurudishwa. Subira yake ni ya mtu anayejua hukumu iliyotangulia.

Gilraen hakuishi kuona matokeo. Alikufa mwaka 3007, miaka kumi na miwili kabla ya kutawazwa kwa mwanawe, akiwa amechoka, na katika kuagana alimweleza kuwa tumaini alilokuwa nalo alilitoa lote kwa watu wake, asijibakizie la kwake. Kwa kuwa Tumaini ndilo jina alilolelewa nalo mwanawe, kauli hiyo ni ya mzazi na ni ya kisiasa kwa wakati mmoja. Mwanamke wa mwisho katika mnyororo wa kukeni anataja gharama ambayo orodha ya wafalme haina safu ya kuiandikia.

6. Kutoka dai hadi ridhaa

Baada ya vita vya uwanda wa Pelennor, Aragorn alikuwa na kila kisingizio cha kuingia mjini kama mshindi. Meli zake ndizo zilizogeuza vita, na juu ya merikebu yake ilipepea bendera yenye alama za Elendil, iliyofumwa na Arwen. Badala ya kuingia nayo, aliagiza ikunjwe, akapiga hema zake nje ya kuta. Sababu anayoitoa ni kwamba kuingia bila kuitwa kungezusha ubishi wakati vita havijaisha. Denethor, Kaimu aliyekufa siku hiyohiyo, alikuwa amekwisha kuutamka ubishi huo: hata dai likithibitishwa, alisema, mtu huyu ni wa mlango wa Isildur tu. Ilikuwa sauti ya Pelendur ikizungumza tena baada ya karne kumi.

Aragorn aliingia mjini usiku, amejifunika joho, kwa sababu wagonjwa walikuwa wanakufa. Katika Nyumba za Tiba, mwanamke mzee aitwaye Ioreth alikuwa amekumbuka msemo wa kale kwamba mikono ya mfalme ni mikono ya mponyaji. Aragorn aliwaponya Faramir, Éowyn na Merry, kisha wengine, na ni Ioreth na wenzake waliotangaza habari mjini. Jambo ambalo mwanasheria Arvedui hakuweza kulithibitisha kwa tarehe na sheria, mhudumu wa wagonjwa alilithibitisha kwa kumbukumbu ya msemo na kwa macho yake. Ushahidi wa nasaba ulitoka barazani, ukahamia kitandani kwa mgonjwa.

Kutawazwa kwenyewe, tarehe 1 Mei mwaka 3019, kunakamilisha hoja. Faramir, Kaimu wa mwisho na mtu wa nyumba ya Pelendur, alisimama langoni mwa mji, akayataja majina na matendo ya Aragorn, kisha akawauliza watu iwapo mtu huyu awe mfalme na aingie akae mjini. Watu wakaitika kwa sauti moja. Swali hili halimo katika filamu, ambamo Gandalf humvika taji mfalme ambaye tayari amekubaliwa. Kitabuni swali ni la lazima, kwa maana bila hilo hukumu ya mwaka 1944 ingali hai. Baraza lilikataa, umma ulio langoni unakubali. Nyumba ileile iliyofunga mlango ndiyo iliyoufungua. Na hata hapo Aragorn hakujivika taji: aliomba Frodo ailete na Gandalf amvike, akieleza kuwa ameupata urithi wake kwa kazi na ushujaa wa wengi.

Hivyo nasaba, tendo na ridhaa vinakutana mahali pamoja. Arvedui alikuwa na nasaba bila tendo wala ridhaa. Eärnil alikuwa na tendo na ridhaa, na nasaba iliyotosha kwa siku yake. Aragorn anavikusanya vyote vitatu, lakini mfuatano wake ni muhimu: alitenda kwanza, akaulizwa kwa ajili yake, na ndipo majina ya mababu yalipopata maana.

7. Mabinti wasio na majina

Uhakiki hauwezi kuishia katika sifa. Katika orodha ya majina ambayo Faramir aliitangaza langoni wamo Arathorn, Valandil, Isildur na Elendil. Fíriel hamo. Silmariën hamo. Gilraen, aliyezikwa miaka kumi na miwili kabla yake, hamo. Siku ambayo dai la kukeni linashinda, linatangazwa kwa majina ya kuumeni. Matini iliyojua, katika tanbihi zake, kuwa ufalme huu umejengwa kwa wanawake, inawaondoa sherehe inapoanza.

Ndoa ya Aragorn na Arwen inaunganisha upya uzao wa Elros na wa ndugu yake Elrond, uliokuwa umetengana tangu mmoja alipochagua kufa kama mwanadamu na mwingine kubaki na Waelfi. Gharama ya muungano huo inalipwa na Arwen, anayeuacha umilele. Aragorn alitawala miaka 122, akafa mwaka 120 wa Enzi ya Nne, akiwa na umri wa miaka 210. Alimkabidhi taji na fimbo mwanawe, Eldarion. Katika kumweleza Arwen akiondoka kwenda kufa peke yake, masimulizi yanasema kuwa alimuaga Eldarion na mabinti zake. Mwana ana jina. Mabinti hawana jina, hawana idadi, wala haisemwi iwapo yupo aliyekuwa mkubwa kuliko kaka yake.

Kwa msomaji aliyefika hapo kwa kupitia Silmariën na Fíriel, sentensi hiyo haiwezi kupita bila kumgusa. Sheria aliyoitumia Arvedui ilisema mtoto mkubwa, awe mwanamume au mwanamke. Mfalme aliyepata kiti kwa mlango uliotetewa na sheria hiyo anamaliza maisha yake katika masimulizi yasiyomwezesha msomaji kujua kama aliifuata. Huenda Eldarion alikuwa mkubwa kweli. Matini haikuona haja ya kusema. Kutokuona haja huko ndiko kasoro. Tarehe imerudia desturi yake: mwanzo wa kukeni, mwendelezo wa kuumeni.

8. Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa Aragorn ni mrithi wa kesi iliyoshindwa, na kwamba kesi hiyo ilishindwa kwa kanuni ambayo, ikifuatwa hadi mwisho, ingewaangusha waliomhukumu. Imeonesha pia kwamba riwaya haimpi ufalme kwa damu pekee. Inamwacha atumikie kwa zaidi ya miaka sitini, aponye kabla ya kutawala, na asubiri nje ya lango mpaka watu waulizwe. Shutuma kwamba Tolkien anatukuza utawala wa kuzaliwa inapungua nguvu mbele ya ushahidi huu. Shutuma nyingine, isiyotolewa mara nyingi, inabaki: kwamba anaujua mchango wa kukeni na anauweka katika tanbihi.

Matokeo ya uchunguzi huu kwa tafsiri ni ya moja kwa moja. Mtafsiri wa Kiswahili atakayeona viambatisho kuwa ni ziada na kuviacha, atakuwa ametafsiri kurejea kwa mfalme na kuiacha haki yake. Atakayevitafsiri atalazimika kuchagua, kila palipo na neno la urithi, kati ya ukoo, mlango, tumbo, kuumeni na kukeni. Uchaguzi huo utayaleta juu ya ukurasa majina ambayo matini asilia iliyasogeza chini. Eneo ambalo nasaba za wafalme wake zimejua kumtaja mama wa mfalme katika kila kizazi lina sababu njema ya kuisoma orodha ya Gondor na kuuliza, kwa kila jina, nani aliyemzaa.